Kumrudisha Samaki Majini Hakutoshi

Msimu wa kusi unapokwisha na bahari kutulia, mashua za starehe huanza kutoka Malindi, Watamu, Kilifi na Shimoni zikiwachukua wageni wanaokwenda kuvua kwa ajili ya kujifurahisha. Zinaporejea jioni, mtu aliyesimama ufuoni aweza kuijua hesabu ya siku pasi na kumwuliza nahodha, maana samaki wakubwa walionaswa hupandishiwa vibendera. Zamani hesabu hiyo haikuhitaji vibendera. Sulisuli na nduaro walitundikwa kwa mikia kwenye mizani, mgeni akasimama kando na fimbo yake ya kuvulia, akapigwa picha. Siku hizi walio wengi katika samaki hao hutiwa alama, kisha wakaachiliwa waende zao. Mabadiliko hayo yamesifiwa, na sifa hizo yanazistahili. Ninalolikataa ni lile wazo lililokuja nyuma yake, yaani kwamba samaki akisharudishwa majini basi hakudhurika, na aliyemvua hana deni lolote.

Nisieleweke vibaya. Mimi ni mla samaki, na nimezaliwa katika jamaa ya wavuvi. Ami yangu alikuwa akivua kwa mshipi, na ndani ya dau lake hakikosekani kirungu cha mti mgumu. Changu au chewa alipoingia chomboni alipigwa kichwani mara moja, kazi ikaisha. Hakuna aliyemfundisha ami habari za haki za wanyama. Alisema tu kwamba samaki anayetapatapa hadi kufa nyama yake haikai, na tena haifai kumtazama kiumbe akihangaika hali uwezo wa kumpumzisha umo mikononi mwako. Yeye alikuwa na haja, na haja hiyo ilikuwa na mpaka wake: kitoweo cha nyumbani na cha kuuza. Mchezo hauna mpaka wa namna hiyo. Mwenye njaa akishiba huacha, lakini mwenye kucheza hatosheki na sulisuli watatu ikiwa mashua ya jirani imepata saba.

Hoja inayotangulizwa na watetezi wa mchezo huu ni kwamba samaki hahisi maumivu. Ni hoja kongwe, na nadhani nguvu yake yote imetokana na kwamba samaki hana sauti. Mbuzi akifikiwa na kisu hulia, kuku hupiga kelele mtaa mzima ukasikia. Samaki hufumbua kinywa na kukifumba, basi. Uso wake haukunjamani, machozi hayamtoki. Nasi tuliozoea kuyapima maumivu kwa kelele tumeamua kwamba asiyelia haumwi. Lau tungewapima binadamu kwa kipimo hicho, mabubu wangekuwa hatarini.

Wataalamu hawakuridhika na dhana hiyo. Mwaka 2003, Lynne Sneddon, Victoria Braithwaite na Michael Gentle, ambao walifanya kazi yao huko Scotland, walichapisha matokeo ya uchunguzi juu ya trauti, aina ile ile inayozalishwa katika kituo chetu cha Kiganjo karibu na Nyeri. Walizichunguza neva za kichwa chake wakapata vipokezi 58, na kati ya hivyo 22 vilikuwa vya kupokea dhara, vinavyofanana kwa utendaji na vile vilivyomo katika miili ya wanyama wanyonyeshao. Kisha wakawadunga samaki wengine midomoni, baadhi kwa sumu ya nyuki na baadhi kwa asidi ya siki. Samaki hao walihema kwa kasi, wakawa wanayumbayumba sakafuni mwa tangi, na waliotiwa asidi wakaisugua midomo yao kwenye changarawe. Hawakurudi kula ila baada ya muda wa karibu saa tatu, ilhali wenzao waliodungwa maji ya chumvi tu walirudi baada ya saa moja na dakika ishirini hivi. Katika jaribio jingine Sneddon aliwapa mofini, dawa ile wapewayo wagonjwa hospitalini kutuliza maumivu, na vitendo hivyo vikapungua. Ikiwa hapakuwa na maumivu, sijui dawa ya maumivu ilipunguza nini.

Wapo wanaopinga, na si watu wa kubezwa. James Rose wa Chuo Kikuu cha Wyoming, Marekani, aliandika mwaka 2002 kwamba samaki hana tabaka lile la nje la ubongo ambalo kwa binadamu ndilo linaloyafanya maumivu kuwa jambo la kujulikana na nafsi. Kwa maoni yake, samaki huruka na kupigana kama vile mkono wa mtu aliyelala unavyojiondoa ukichomwa, bila mwenyewe kujua. Hoja hii ina uzito wake, lakini naiona inakwama mahali pamoja. Ndege naye hana tabaka hilo katika umbo lile la kwetu, wala sijamsikia mtu timamu akisema kuku hahisi kisu. Yaelekea kazi moja yaweza kufanywa na viungo tofauti, kama vile papa na mamba waogeleavyo kwa viungo visivyofanana. Na hata tukisema shauri halijakatika, je, shaka hiyo imwelemee nani? Mwenye kuvua apate kula ana jambo la kuliweka kwenye mizani dhidi ya shaka hiyo. Mwenye kuvua apate kufurahi ana furaha yake tu.

Lakini hebu tuyaache maumivu kando, kwa maana mtu aweza kubishana juu yake hadi usiku. Tuitazame miili ya samaki hao, ambayo haibishaniwi.

Sulisuli akishikwa na ndoana hukimbia, hujirusha juu ya maji, hutikisa kichwa, hujaribu kuzama, na kila hatua mshipi humrudisha. Nduaro mkubwa aweza kupigana kwa saa nzima na zaidi. Msomaji aliyewahi kukimbia hadi miguu ikakataa anaijua hali ile, ila yeye alikuwa na hewa ya kuvuta. Misuli ya samaki hujaa asidi, damu yake huchafuka, na pumzi yake humtaka apitishe maji mengi matamvuani. Na wakati huo hasa ndipo anapoinuliwa nje ya maji ili apigwe picha! Matamvua nje ya maji hujilaza na kushikamana, yakawa hayafanyi kazi.

Mwaka 1992 watafiti wawili wa Kanada, Ferguson na Tufts, walilipima jambo hili kwa trauti. Waliochoshwa kisha wakaachwa majini, asilimia 88 walikuwa hai baada ya saa 12. Waliochoshwa kisha wakatolewa nje kwa nusu dakika tu, waliosalia ni asilimia 62. Waliokaa nje kwa dakika moja, asilimia 28. Wale ambao hawakuguswa walikuwa wazima wote. Dakika moja! Hebu msomaji afikiri inachukua muda gani kumtoa samaki ndoana, kumpokeza mgeni, mgeni kuupata mkao mzuri, mwenzake kuitafuta kamera, kisha mtu kusema warudie kwa kuwa wa kwanza alifumba macho. Samaki huyo akitupwa majini huogelea, na mashuani hupigwa makofi. Kifo kikimfika usiku, hapana aliyepo kukishuhudia.

Mnamo 2005 watafiti wengine wawili, Bartholomew na Bohnsack, walikusanya makadirio 274 ya vifo vya samaki waliovuliwa na kuachiliwa. Wastani ulikuwa asilimia 18. Katika hali nyingine hakufa hata mmoja, katika nyingine walikufa karibu wote. Tofauti hiyo ni jambo la kutia moyo, kwa maana yaonyesha kwamba mengi yamo mikononi mwa mvuvi. Ndoana iliyomezwa hadi tumboni huua kuliko iliyoshika mdomoni. Samaki aliyevutwa upesi kutoka kilindini, mathalani chewa wa miambani, kibofu chake cha hewa huvimba kadiri anavyopanda, macho yakatokeza, na tumbo likasukumwa hadi kinywani. Wa namna hiyo akiachiliwa huelea juu ubavu, akawa riziki ya ndege wa bahari. Kumwita huyo aliyerudishwa hai ni kucheza na maneno.

Lipo jambo moja ambalo wasio wavuvi hawalifahamu, nami naliona ndilo kiini cha habari hii. Katika uvuvi wa kutafuta chakula, mshipi imara ni bora kuliko dhaifu, kwani humleta samaki upesi. Katika uvuvi wa mchezo ni kinyume. Rekodi za dunia zinazotunzwa na chama cha kimataifa cha mchezo huo, IGFA, hugawanywa kwa kadiri ya nguvu za mshipi. Mtu akimpata nduaro mkubwa kwa mshipi mwembamba, heshima yake hupanda. Mshipi mwembamba hauwezi kumvuta samaki kwa nguvu, sharti achoshwe. Kwa hiyo ule muda wa kuhangaika, ambao ami yangu aliuona kuwa hasara na aibu, hapa hutafutwa makusudi na kutuzwa. Wenyewe huita jambo hilo kumpa samaki nafasi ya haki. Samaki hakuombwa shauri.

Tusisahau pia jinsi mchezo huu ulivyoingia nchini. Sulisuli ni wa bahari yetu tangu jadi, na sifa zake ndizo zilizomvuta hata mwandishi Ernest Hemingway kwenda kuvua Malindi mwaka 1934. Lakini trauti si wa kwetu. Mayai yake yaliletwa kutoka Scotland na mlowezi Ewart Grogan, akayatia katika mto Gura wa milima ya Aberdare mwaka 1905, ili walowezi wapate kitu cha kuvua kama walivyozoea kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 aina nyingine, besi wa Marekani, alitiwa katika ziwa Naivasha kwa madhumuni hayo hayo. Naona ajabu kidogo ninapofikiri kwamba kiumbe alivushwa bahari na milima ili kizazi chake chote kiwe cha kutiwa ndoana. Si kosa la wavuvi wa leo, na wenyeji wengi wa kando ya mito ile wamekwisha kuwazoea trauti na kuwala. Nalitaja kwa sababu tuliomleta kwa mchezo hatuwezi kusema mambo yake hayatuhusu.

Nchi nyingine zimekwisha kulitazama suala hili, na majibu yao yanatofautiana ajabu. Uswisi, tangu mwaka 2009, mtu haruhusiwi kwenda kuvua kwa nia ya kumwachilia samaki, na apataye leseni hutakiwa awe amejifunza namna ya kumshika na kumwua upesi. Ujerumani, sheria inadai kuwepo sababu ya maana kabla ya kumtia mnyama maumivu, na starehe peke yake haihesabiwi kuwa sababu ya maana. Uingereza nako wana mambo. Sheria yao ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 inawataja wanyama wenye uti wa mgongo, ambao samaki yumo, kisha ikatamka kwamba haihusu lolote litendekalo katika shughuli za kawaida za uvuvi. Mwaka 2022 wakapitisha sheria nyingine inayokubali kwamba wanyama hao wana hisia, na ule msamaha wa wavuvi ukabaki pale pale. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na kwa samaki inategemea aliyeushika.

Mimi sipendekezi tuufuate mfano wa Uswisi mzimamzima. Huko mtu akivua samaki mmoja wa ziwani humpeleka jikoni. Hapa, tukiamuru kila sulisuli anaswaye auawe, tutawamaliza viumbe wachache waliosalia kwa jina la kuwahurumia. Tena uwekaji wa alama umetupatia elimu ya maana. Taasisi ya African Billfish Foundation, iliyoasisiwa Watamu mwaka 1990, imekuwa ikikusanya habari za samaki hao miaka na miaka, na kwayo tumejua kwamba samaki hawa si mali ya pwani moja, bali hupita katika maji ya mataifa mengi. Elimu hiyo haikupatikana bila manahodha na wageni wao. Sharti tuseme hivyo waziwazi.

Vilevile sikatai kwamba yapo madhara makubwa kuliko haya. Samaki aliyenaswa katika jarife hukaa humo usiku kucha. Meli za kigeni zinazotandaza mishipi yenye ndoana maelfu huwaua nduaro kwa wingi ambao mashua zote za Malindi haziwezi kuufikia. Hata hivyo, sijapata kuona kosa dogo likifutwa kwa kuwepo kosa kubwa. Tena kuna dhuluma nyingine imejificha hapa. Mvuvi wetu mdogo amewekewa sheria chungu nzima. Juya lake lilipigwa marufuku mwaka 2001, macho ya wavu wake hupimwa, bunduki yake ya mkuki hutwaliwa, naye hufundishwa kwenye mikutano jinsi ya kuihurumia bahari. Sijasikia mgeni mwenye fimbo ya maelfu ya shilingi akiulizwa amemweka samaki nje ya maji kwa muda gani. Ikiwa huruma ni wajibu wa mwenye kutafuta ugali, kwa nini isiwe wajibu wa mwenye kutafuta picha?

Tunayo Sheria ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi ya mwaka 2016, ambayo uvuvi wa mchezo umo ndani yake, na tunayo idara yenye kutoa leseni. Kinachotakiwa ni kanuni, na nyingine hazihitaji hata kubuniwa. Uvuaji wa samaki hawa kwa chambo cha nyama ufanywe kwa ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imepinda kuelekea ndani. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 juu ya nduaro weupe wa Atlantiki, wote waliovuliwa kwa ndoana za duara walinusurika, na waliovuliwa kwa ndoana za kawaida walinusurika asilimia 65. Ni tofauti ya kipande cha chuma cha bei ndogo. Marekani wameilazimisha ndoana hiyo katika mashindano ya kuvua nduaro wa Atlantiki kwa chambo cha asili, na tena wakaamuru nduaro wa kuachiliwa asitolewe majini. Sisi je? Picha yaweza kupigwa samaki akiwa ubavuni mwa mashua, na ni picha nzuri zaidi, kwa sababu sulisuli akiwa hai majini hung'aa rangi ambazo hupotea muda mfupi baada ya kufa.

Nyingine ni juu ya mshipi. Mashindano yafanywayo katika maji yetu yaache kumpa alama za ziada atumiaye mshipi mwembamba, na nahodha awe na amri ya kuukata mshipi pigano likirefuka kupita kiasi. Samaki wa kilindini asivuliwe kwa nia ya kuachiliwa hata kidogo. Atakayemvua amwue papo hapo, amle au ampe mwenye kula. Na mtu akiisha kupata samaki wa kumtosha kwa siku, ashushe fimbo. Wapo manahodha wanaoyatenda mengi ya haya kwa hiari, na nimewasikia wenzao wakiwacheka.

Najua pingamizi la mwisho litakuwa la mkate. Mashua moja huajiri nahodha, mabaharia, fundi, mlinzi, na nyuma ya kila mmoja kuna nyumba yenye watoto. Jambo hili si la kupuuza, hususa katika miji ambayo watalii wakipungua wengi hulala njaa. Lakini sioni jinsi ndoana ya duara itakavyomfukuza mgeni, wala jinsi picha ya ubavuni mwa mashua itakavyomrudisha kwao kwa hasira. Ninaloliona ni kwamba baharia wa leo yumo katika hali ngumu. Anajua samaki amechoka na anajua afanyeje, lakini mgeni amelipia siku nzima, anataka amkumbatie samaki wake, na bakshishi ya jioni haijatolewa. Tukimwachia baharia huyo peke yake kazi ya kusema hapana, hatasema, nami singemlaumu. Kanuni hizo zichapishwe kabla ya msimu ujao, zibandikwe ndani ya kila mashua yenye leseni kwa lugha azisomazo mgeni, ili baharia anyoshe kidole ukutani badala ya kubishana na aliyemlipa.